Linki za tovuti yako ya shamba: zikaguliwe na programu au kwa mkono?

Vijana wangu wa Ntobeye na Ngara nzima, wa Biharamulo na kwingine kote mnakosoma masomo haya, natumaini palizi ya maharage imeisha na migomba imeshapunguzwa machipukizi. Leo siongelei mbolea wala mbegu. Naongelea linki. Najua kuna atakayesema, "Bwana shamba naye kaishiwa masomo." Subiri kwanza nikueleze kilichonipata, maana kosa lilikuwa langu.

Misimu miwili iliyopita kijana mmoja wa kata hii, mwenye robo ekari ya nyanya kule bondeni, alinipigia simu asubuhi na mapema. "Shikamoo bwana shamba. Ile linki yako imenipeleka kwenye kubeti." Mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

Kwenye ukurasa wangu wa nyanya nilikuwa nimeweka linki ya kijitabu kizuri cha kudhibiti kantangaze, yule mdudu aliyeripotiwa nchini mwaka 2014 na tangu hapo hajatuacha. Kijitabu kiliandaliwa na mradi mmoja wa wafadhili. Ndani kulikuwa na jedwali la kubadilisha makundi ya viuatilifu: kizazi hiki cha mdudu unapuliza kundi hili, kizazi kinachofuata unahamia kundi jingine, ili mdudu asizoee. Mradi ukaisha, ofisi ikafungwa, jina la tovuti halikulipiwa tena, na mtu mwingine akalichukua akaweka mambo yake ya kubashiri mpira. Kijana alipobofya akaona timu na namba. Hakuwa na salio la kunipigia siku ile. Akaenda dukani, akanunua dawa ile ile aliyoanza nayo, akapuliza mara ya pili, ya tatu, ya nne. Nilipofika shambani majani yalikuwa yamechimbwa mithili ya ramani na matunda yana matundu. Hakuvuna hata nusu ya matenga aliyotarajia, na hela ya mbegu alikuwa amekopa kwenye kikundi.

Kweli, kantangaze hakuletwa na linki. Lakini aliyemwambia "bofya hapa" ni mimi, na hapo mahali nilikuwa sijapaangalia kwa zaidi ya miaka miwili. Tangu siku hiyo nimejifunza kukagua linki kama ninavyokagua shamba. Somo la leo linatoka huko.

Kwa nini jambo hili linakuhusu wewe mkulima wa biashara

Wengi wenu sasa mna ukurasa wenu. Mwingine anauza kahawa, mwingine asali, mwingine machipukizi safi ya migomba, mwingine miche ya parachichi. Kwenye ukurasa huo mmeweka linki ya WhatsApp, linki ya ramani ya kufika shambani, orodha ya bei na picha ya cheti. Kila linki ni mlango wa duka. Mnunuzi wa Mwanza au wa ng'ambo ya Rusumo hagongi mlango mara mbili. Akikuta umefungwa anakwenda kwa jirani, na wewe huwezi kujua kwamba alikuja.

Na tatizo hili si la wakulima tu. Mwezi Mei 2024 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitoa ripoti kwamba kati ya kurasa za intaneti zilizokuwepo mwaka 2013, asilimia 38 zilikuwa hazipatikani tena miaka 10 baadaye. Hata kwenye kurasa za serikali walizopima, asilimia 21 zilikuwa na angalau linki moja iliyokufa. Hao ni watu wenye ofisi na mafundi. Sisi tunaotumia simu chini ya mgomba tutasalimikaje bila kukagua?

Hapa kwetu kuna sababu nyingine: taasisi hubadilika. Oktoba 2017 wizara ya kilimo na ile ya mifugo na uvuvi zilitenganishwa. Vituo vya utafiti, kikiwemo cha Maruku kule Bukoba, viliwekwa chini ya TARI iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016. Mwaka 2019 TFDA ikawa TMDA, na masuala ya chakula yakahamia TBS. Kisha Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 ikaleta TPHPA kuchukua kazi zilizokuwa za TPRI. Jina la taasisi likibadilika, mara nyingi na anwani ya tovuti inabadilika. Kwa hiyo ukiona somo la zamani linakuelekeza kwenye taasisi ambayo leo ina jina jingine, shtuka. Linki hiyo ni ya kukaguliwa kwanza.

Linki inakufaje?

Chukulia linki ni mtu uliyemtuma kupiga hodi nyumba fulani. Akifika anagonga, na mwenye nyumba, yaani seva, anajibu kwa namba. Namba hizi ni chache, zishike:

- 200: karibu, kitu chako hiki hapa.
- 301: tumehama moja kwa moja, nenda anwani hii mpya.
- 302: tumehama kwa muda, nenda pale.
- 403: kitu kipo ila wewe huruhusiwi kuingia.
- 404: hakipo hapa.
- 410: kilikuwepo, tumekiondoa, usikisubiri.
- 429: unagonga mno, punguza kasi.
- 500 na 503: mimi mwenyewe naumwa, rudi baadaye.

Kuna na jibu la kimya. Jina la nyumba halijulikani tena, au mtumwa anasimama mlangoni mpaka anachoka.

Hapo ndipo mnapouona msingi wa somo zima. Programu inapiga hodi na kusikiliza jibu. Ikisikia "karibu" inaandika nzima na kusonga mbele. Haiingii ndani kuangalia nani anaishi humo. Kule kwenye kubeti walijibu "karibu" vizuri tu.

Njia ya kwanza: programu ikukagulie

Zipo za bure. W3C, shirika linaloweka kanuni za wavuti duniani, lina ukurasa wa kukagua linki ambao unaweza kuutumia hata kwenye simu: unaweka anwani ya ukurasa wako, unasubiri, unapewa orodha. Kwenye kompyuta kuna Xenu ya Windows, kuna LinkChecker, na kuna Screaming Frog ambayo bila malipo inakagua hadi anwani 500. Kama tovuti yako imejengwa kwa WordPress kuna programu ya nyongeza iitwayo Broken Link Checker, inayokagua yenyewe na kukutaarifu. Na Google Search Console itakuonyesha kurasa zako mwenyewe ambazo Google ilizitafuta ikakuta 404. Ila hiyo haikuambii habari za linki zako zinazotoka nje.

Faida yake ni kasi. Ukurasa wangu ulikuwa na linki karibu 200. Programu ilimaliza kabla chai haijapoa. Pia haichoki, haibagui, na inaziona linki ambazo wewe huzioni: iliyofichwa nyuma ya picha, iliyoko chini kabisa ya ukurasa, iliyoko kwenye somo la miaka mitano iliyopita ambalo umeshalisahau lakini watu bado wanalisoma.

Lakini inakosea, tena kwa namna mbili. Zitenganishe, maana dawa zake ni tofauti.

Kosa la kwanza ni kuwatangazia kifo walio hai. Baadhi ya tovuti hazipendi kugongwa na mashine. Zinajibu 403 au 429, na LinkedIn inajulikana kwa kujibu 999, namba ambayo haimo hata kwenye kanuni. Ukifungua mwenyewe kwa simu, ukurasa upo. Nyingine ilikuwa imezimika saa ile tu, umeme au seva, na kesho yake inafunguka. Ukiifuta linki kwa sababu programu imesema, umekata mgomba mzima kwa kudhani una unyanjano, kumbe ni jua la mchana limelegeza majani.

Kosa la pili ni baya zaidi: kuwapitisha wafu kama wazima. Hapa kuna aina kadhaa nilizokutana nazo mwenyewe:

- Jina la tovuti limechukuliwa na mtu mwingine, kama ile ya kubeti.
- Ukurasa umefutwa, seva inaandika "samahani, haupatikani", lakini namba inayotoa ni 200. Binadamu anasoma maneno, mashine inasoma namba.
- Ulitaka kijitabu cha maharage, unapelekwa ukurasa wa mbele wa taasisi. Mlango umefunguliwa, kijitabu hakipo.
- Faili linafunguka, ila ni toleo la zamani. Orodha ya viuatilifu iliyopitwa na wakati inafunguka vizuri kabisa, na ndiyo hatari.
- Linki ya WhatsApp. Anwani ya wa.me inapaswa kuanza na 255 kisha tarakimu 9, bila sifuri ya mbele na bila alama ya kujumlisha. Ukiweka 07 badala ya 2557, ukurasa utafunguka na programu itasema nzima. Mteja akitaka kukuandikia ndipo anagonga ukuta.
- Mwaliko wa kundi la WhatsApp uliobatilishwa. Ukurasa unaonekana, kuingia huwezi.

Njia ya pili: kukagua kwa mkono

Hapa unabofya moja moja na kusoma. Faida yake ni kwamba unaelewa. Unaona kwamba kichwa cha habari ni cha nyanya lakini maelezo ni ya vitunguu. Unaona mwaka ulioandikwa. Unaona kwamba faili ni zito la kumaliza bando la mkulima. Programu nyingi za kukagua linki hazitakuambia hayo yote.

Nilipoamua kupitia zangu zote kwa mkono zilinichukua jioni tatu. Na hapa nikiri udhaifu wetu. Jioni ya kwanza nilisoma kila ukurasa. Jioni ya pili nilianza kufungua na kufunga. Jioni ya tatu nilikuwa naangalia rangi ya ukurasa tu na kusema "huu upo". Macho huchoka kama mgongo unavyochoka kwenye palizi: mstari wa mwisho hauwi msafi kama wa kwanza. Na bando nalo linakwenda.

Kuna mtego mwingine ambao wengi hawaujui. Wewe mwenye tovuti ndiye mkaguzi mbaya kuliko wote. Kwa nini? Simu yako inakujua. Tuseme orodha yako ya bei umeiweka Google Drive. Ukibofya wewe, inafunguka, maana umeingia kwa akaunti yako. Mteja akibofya anaambiwa aombe ruhusa. Ombi linakuja kwenye barua pepe usiyofungua, naye anaondoka. Programu nayo mara nyingi inapita hapo bila kushtuka, kwa sababu inapelekwa kwenye ukurasa wa kuingia, na ukurasa huo unajibu "karibu". Yaani mashine imepitisha, mkono wako umepitisha, na mlango umefungwa.

Dada mmoja wa Biharamulo anayeuza asali alikaa miezi akidhani wateja wa jumla hawamtaki. Tulipofungua linki yake ya bei kwenye simu ya kaka yake ndipo ukweli ukaonekana. Alirekebisha kwa dakika moja, akabadili ruhusa iwe ya kila mwenye linki. Miezi aliyopoteza haikurudi.

Vilevile simu hutunza kumbukumbu ya kurasa ulizowahi kufungua, na wakati mwingine inakuonyesha nakala ya zamani. Kwa hiyo ukikagua kwa mkono tumia dirisha la hali fiche la Chrome, au bora zaidi, simu ya mtu mwingine.

Ni kama kukagua shamba

Wale tuliokaa pamoja kwenye shamba darasa mnakumbuka. Mtego wa harufu wa kunasia nondo wa kantangaze unafanya kazi usiku na mchana bila wewe. Ukikuta nondo wameongezeka unajua kuna jambo. Lakini mtego haukuambii mayai yako kwenye mmea upi, wala kama tunda limeshatobolewa. Kwa hiyo unaingia shambani, unatembea kwa mchoro wa herufi W, unasimama vituo 5, kila kituo unageuza majani ya mimea 10. Hukagui kila mmea, utalala huko. Na hukai nyumbani ukisubiri mtego ukuambie kila kitu.

Mtego ni programu, kutembea W ni mkono. Mkulima anayeuliza "kipi bora" ameuliza swali nusu. Swali kamili ni: kipi kianze, kipi kifuate, na ni mimea gani lazima niigeuze majani mwenyewe?

Utaratibu ninaoutumia sasa

Hatua ya kwanza, gawa linki zako makundi matatu. Kundi A ni zile ambazo zikikosea mtu anapoteza mazao, afya au hela: viuatilifu na vipimo vyake, dalili za magonjwa, namba ya WhatsApp ya mauzo, namba ya malipo, bei, vyeti. Kundi B ni masomo ya kawaida na taasisi. Kundi C ni za kuongezea tu, picha, habari za maonyesho na kadhalika.

Hatua ya pili, kila mwezi endesha programu kwa zote. Chagua siku moja usiyoisahau. Mimi nafanya wikiendi ya kwanza ya mwezi. Programu ya kwenye kompyuta inakula bando lako. Ile ya kwenye wavuti inakula kidogo zaidi maana kazi inafanyika kwao.

Hatua ya tatu, zile ilizosema mbovu usizifute siku hiyo. Endesha tena baada ya siku mbili tatu. Zilizobaki mbovu mara mbili, zifungue kwa mkono. Ikiwa ni 404 au 410, au jina halipo kabisa, hiyo imekufa. Ikiwa ni 403, 429 au 999 na kwako inafunguka, iandike kwenye daftari kuwa ni nzima, usisumbuke nayo mwezi ujao.

Hatua ya nne, kundi A lifungue lote kwa mkono kila mwezi hata kama programu imelipitisha. Kwa wengi wenu haitazidi linki 10. Fungua kwa simu ambayo si yako. Usiishie kuona ukurasa. Tuma ujumbe wa kweli kwenye WhatsApp, fuata ramani uone inaishia shambani kwako au kwenye kisima cha jirani, soma mwaka wa orodha.

Hatua ya tano, kundi B lichukulie kama W. Kila mwezi chagua chache kwa kuruka ruka, zisome. Mwezi ujao chagua nyingine. Ndani ya mwaka utakuwa umezipitia zote bila kuchoka. Ukikuta mbovu mbili tatu kwenye sampuli moja ambazo programu ilipitisha, hapo ongeza wigo, kama unavyofanya ukikuta mayai kwenye kituo cha kwanza tu.

Kundi C, mashine inatosha.

Nilipofanya hivi mara ya kwanza, programu ilinipa orodha ndefu ya mbovu, na baadhi nilipozifungua zilikuwa nzima. Kwa upande mwingine, kwenye kundi A peke yake mkono ulinionyesha kadhaa ambazo programu ilikuwa imezipitisha bila neno. Hizo ndizo zingemuumiza mtu. Ndiyo maana sitaki tena kuambiwa kwamba mashine imemaliza kazi, wala sitaki kuambiwa kwamba mtu mmoja ataweza mia mbili kwa macho.

Ukikuta imekufa, fanya nini?

Kwanza tafuta kama imehama. Nakili jina la kijitabu, litafute Google pamoja na jina jipya la taasisi. Mara nyingi kipo, kimebadilishiwa anwani tu.

Pili, ukikosa, nenda Wayback Machine. Hii ni ghala ya Internet Archive ya San Francisco, shirika lililoanzishwa 1996, na ghala hiyo ikafunguliwa kwa umma 2001. Unaweka anwani ya zamani, inakuonyesha nakala zilizohifadhiwa kwa tarehe. Kile kijitabu cha kantangaze nilikikuta huko, kizima, na jedwali lake. Angalia tarehe ya nakala, na kumbuka kuwa ushauri wa viuatilifu wa zamani lazima ulinganishwe na orodha ya sasa ya TPHPA kabla ya kumpa mtu.

Tatu, ukikosa kote, ondoa linki na uandike kwa maneno yako kilichokuwamo, au useme wazi kuwa haipatikani tena. Linki mbovu iliyoachwa ni mbaya kuliko kutokuwa na linki.

Kinga ni bora

Chini ya kila linki andika jina la kijitabu, taasisi na mwaka. Siku linki ikifa, msomaji bado ana cha kutafutia, kama mbegu iliyobaki kwenye ghala baada ya shamba kuungua.

Kila unapoweka linki mpya ya kundi A, ihifadhi siku hiyo hiyo kwenye Wayback Machine, na pakua nakala kwenye simu yako. Nakala ni ya kwako kutumia. Kuichapisha upya omba ruhusa ya mwenye nayo.

Usitumie linki zilizofupishwa kwa vitu vya kudumu. Aliyefupisha akifunga huduma, na yako inakufa, hata kama ukurasa wenyewe uko hai.

Kama una jina lako la .tz, weka kwenye kalenda tarehe ya kulipia. Nimekueleza kilichotokea kwa wale ambao hawakulipia.

Na anwani zako mwenyewe usizibadilishe ovyo. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, alisisitiza hilo tangu 1998. Ukilazimika kuhamisha ukurasa wa bei, weka ile 301 ili mteja wa zamani aelekezwe. Ukihama nyumba unaacha ujumbe kwa jirani, si ndiyo?

Mwisho, jambo la msingi la viuatilifu lisitegemee linki hata siku moja. Liandike palepale kwenye ukurasa: soma lebo, angalia namba ya usajili, fuata siku za kusubiri kabla ya kuvuna, badilisha makundi. Lile jedwali la kantangaze sasa nimeliandika kwenye ukurasa wenyewe kwa maneno, halifunguliwi kwa linki. Nimelichapa pia kwenye karatasi, moja iko ukutani ofisi ya kata na nyingine kwa muuza pembejeo. Karatasi haina 404, ingawa panya nao wana yao.

Kazi ya nyumbani

Kabla ya Jumapili fanya mambo matatu. Andika linki zako za kundi A kwenye daftari. Mpe simu mtu asiyejua biashara yako, mama, shangazi, yeyote, umwombe afungue kila moja na akusimulie anachokiona bila wewe kumwelekeza. Halafu endesha programu moja ya bure kwenye ukurasa huo huo, ulinganishe majibu. Pale yanapotofautiana ndipo pana somo lako.

Yule kijana wa nyanya msimu uliofuata alilima tena, robo ile ile. Alibadilisha makundi kama jedwali linavyosema, akaweka na mitego. Alivuna, akalipa deni la kikundi. Siku hizi wikiendi ya kwanza ya mwezi ananitumia ujumbe mmoja tu: "Bwana shamba, umeshakagua?" Na mimi siwezi kumjibu bado.

Kazi njema, tuonane somo lijalo. Tutarudi kwenye migomba.